Kwaheri Aliyoniandikia Mwandishi

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa Februari, mwaka huu, hakimu alisema kwamba mwenye jengo hana kesi ya kujibu. Alisema kwa sauti ya chini huku akifunga faili, na watu waliokaa nyuma yangu wakaanza kuulizana amesemaje. Mimi nilikuwa nimesikia. Mwanangu Mutua nilimpoteza mwaka uliotangulia, jengo alilokuwa akijenga lilipoporomoka usiku, yeye na wenzake wawili wakiwa juu. Alhamisi hiyo nilipoteza tumaini la kusikia mtu yeyote akisema ni nani aliyewaweka pale.

Nataka kuandika juu ya jirani yangu. Bila yeye kesi ile isingefika kortini, na kwa sababu yake ilikufa. Sitamtaja jina. Hapa mtaani Mowlem, Nairobi, hatukumwita kwa jina hata alipokuwa akiishi nasi. Tulimwita Mwandishi, na watoto walimwita Mwandishi wakidhani ndilo jina lake. Mimi nilisoma hadi darasa la nane. Nauza ndengu na maharagwe kando ya barabara. Nitaandika nilichokiona na nilichosikia, na pale nisipojua nitasema sijui.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti la kijivu alilolivaa hata jua la Januari. Alifanya kazi katika magazeti miaka mingi, kisha wakapunguza watu, naye akawa mwandishi wa kupeleka habari na kungoja kama zitachapishwa. Chumba chake kilikuwa cha chini, karibu na bomba la maji, na meza yake ilikuwa dirishani. Tukipanga foleni ya maji tulimwona akiandika. Midomo yake ilisogea. Wakati mwingine aliinua mkono kama anayemzuia mtu asipite, akaushusha, akaendelea.

Alikuwa na maswali yake ambayo mtaa mzima uliyajua. Alikuwa amevaa nini? Hali ya hewa ilikuwaje? Mkononi alishika nini? Mama mmoja wa ghorofa ya pili aliibiwa mtungi wa gesi, na kabla hata ya kwenda kituo cha polisi alisimama kwenye ngazi akasema, "Ngoja nikumbuke mwizi alivaa nini, Mwandishi atauliza." Tulicheka. Lakini jioni alimuuliza kweli, na yule mama akajibu vizuri sana, na mwizi mwenyewe hakuna aliyekuwa amemwona.

Jumamosi alifundisha vijana uandishi kwenye ukumbi wa mtaa, social hall. Hakutoza chochote. Nilipita hapo nikiwa na gunia langu nikamsikia kijana mmoja akimwambia, "Mwandishi, si tuandike tu venye ilienda?"

"Venye ilienda, hivyo hivyo ilivyokuwa, haisomeki," akajibu. "Mtu ametoka kazini, amechoka, chai yake inapoa. Watu watatu wamekufa, hiyo amesikia jana na juzi. Utamshikaje?"

"Na nikimshika na kitu haikuwa?"

"Hapo umedanganya. Usiandike usichokiona wala usichoambiwa."

Hayo nilimsikia akiyasema kwa masikio yangu. Sikumsikia akiyasema kwa mzaha.

Kwa majina hakuwa na mchezo. Aliwahi kutembea kwa miguu kutoka hapa hadi mtaa wa Komarock kumuuliza mzee mmoja kama jina la babake linaandikwa kwa herufi moja au mbili, na mvua ilikuwa inanyesha. Umri alihakikisha, mtaa alihakikisha. Jina la mtu halikumtoka vibaya hata mara moja. Kilichomtoka vibaya ni mtu mwenyewe.

Kulikuwa na muuza maji wa mkokoteni ambaye Mwandishi alimwandika gazetini, jinsi anavyoamka na giza kwa ajili ya watoto wake. Ilikuwa habari nzuri. Ila ilisema ameachwa peke yake na watoto, kwa namna ambayo kila aliyeisoma aliamini mke amekufa. Mke alikuja asubuhi na gazeti kwapani, akamkuta Mwandishi bombani akipiga mswaki.

"Mwandishi, nilikufa lini?"

"Dada, mimi niliandika ameachwa. Ulikuwa umeenda kwenu wiki hiyo. Aliyekuua ni mhariri."

"Sawa. Na matanga yangu mlikula nini, nijue kama mliniheshimu?"

Foleni nzima ilicheka, na Mwandishi alicheka na povu mdomoni. Muuza maji hakucheka. Wateja wake walikuwa wakimpa pole tangu jana yake, na alikuwa hajui awaambie nini.

Na kulikuwa na habari ya Amina. Nyumba zilipobomolewa kando ya barabara, wanawake wawili walilala nje na vitu vyao. Mmoja alikuwa Mama Zena, mwenye asili ya pwani, muuza mahamri, aliyekuwa akilea wajukuu yatima. Wa pili alikuwa fundi wa nguo mwenye ugonjwa wa figo. Mwandishi aliwachukua wote wawili akawafanya mwanamke mmoja, akampa jina Amina. Amina alikuwa na yatima wa Mama Zena na figo za fundi. Habari ilipochapishwa, mama mmoja msamaria alikuja na gari limejaa mablanketi na unga, akimtafuta Amina. Mama Zena akamweleza kwa adabu kwamba mwenye watoto ni yeye na mwenye ugonjwa ni yule pale, kwa hiyo Amina ni wao wawili. Yule mgeni aliwatazama, akaona anachezewa, akageuza gari.

"Niliwaficha msije mkadhurika," Mwandishi alimwambia Mama Zena.

"Tumefichika kweli, baba," Mama Zena akasema. "Hata mablanketi hayakutuona."

Nitasema na mema yake, nisije nikaonekana ninamchafua tu. Kuna uwanja wa shule hapa ambao ungekuwa maduka leo kama si yeye. Aliandika juu yake mpaka waliotaka kuunyakua wakaona aibu, na hiyo habari niliisoma yote, na kila neno lilikuwa kweli. Alikuwa akiweza. Ndiyo maana najiuliza mpaka leo ni nini kilichomfanya siku nyingine asiweze.

Nadhani, na hapa nakisia, ni wasifu wa marehemu. Kwa miaka mingi mtu akifa mtaani hapa, familia ilienda kwa Mwandishi. Alikaa nao, akauliza maswali yake, akaandika wasifu wa kusomwa mazishini, na malipo yake yalikuwa chai. Mlevi alikuwa mcheshi aliyependa watu. Baba aliyewatoroka watoto alikuwa mtu wa safari. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa wasifu hauapiwi. Watu wanataka kulia vizuri, wamzike mtu wao, warudi kazini. Alizoea hivyo. Alizoea watu wakimshukuru.

Basi Mutua alipokufa, alikuja kwangu.

Alikuwa amekwisha kunisaidia kabla ya hapo. Alikaa nami nje ya chumba cha maiti tangu asubuhi hadi walipotuita, na mimi nilipoingia na kutoka hakuniuliza lolote. Alinipa leso yake. Kisha akaja nyumbani, akaketi kwenye kiti cha Mutua bila kujua ni cha Mutua, akasema, "Mama Mutua, niambie mlivyoagana."

Nikamwambia hatukuagana. Mutua alitoka asubuhi nikiwa bado usingizini. Jioni nilikuwa soko la Muthurwa nikinunua ndengu, mpimaji anazimwaga kwenye kopo la gorogoro, makondakta wanaita abiria, na simu ikalia kwa nambari nisiyoijua. Alikuwa Mutua. Yake ilikuwa imezima, alikuwa ameazima ya mwenzake. Akasema, "Mama, ukuta wa chini umepasuka. Mwenye jengo mwenyewe amekuja, amesema hakuna kushuka hadi tumalize kumwaga slab ya zege." Akaongeza kitu kingine ambacho sikukisikia. Nikamwambia, "Sikusikii, kuna kelele. Utaniambia ukifika." Nikakata mimi.

Mwandishi aliacha kuandika.

"Sitakuandika hivyo," akasema.

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Najua. Lakini sitakuacha mbele ya watu na hilo neno mdomoni."

Siku ya mazishi, kwetu Makueni, binti ya dada yangu alisoma wasifu. Ulisema kwamba siku ile Mutua alikuja nyumbani jioni, akanywa chai akiwa amesimama, akamshika mamake bega mlangoni na kumwambia, "Mama, usifunge, narudi," kisha akarudi kazini jua likizama upande wa mjini. Watu walilia. Wanawake waliokuwa karibu nami walinishika bega, lile lile. Nilinyamaza. Nani anasimama kaburini kubishana na wasifu?

Sikujua kwamba angeupeleka gazetini. Ulichapishwa ukurasa mzima, na picha ya mlango wangu. Pale palipoandikwa kuagana aliweka maneno "mamake anakumbuka." Watu walioisoma walikasirika sana, wakapiga simu redioni, na baada ya hapo mwenye jengo akakamatwa. Kwa muda mrefu watu waliniambia nimshukuru Mwandishi, nami nilimshukuru. Polisi nilikwisha kuwaandikisha taarifa yangu ya simu. Nilidhani gazeti ni gazeti na korti ni korti.

Maelezo ya mwenye jengo kwa polisi yalikuwa mafupi. Alisema kazi ilifungwa alasiri na wote wakatumwa nyumbani. Wale vijana watatu walirudi wenyewe gizani, pengine kulala, pengine kuiba chuma, yeye hajui. Wenzao waliokuwa wamebaki chini walitawanyika, na hakuna aliyepatikana kuja kusema vingine. Ilibaki simu yangu. Ilikuwa mimi tu niliyesikia kwamba hawakuruhusiwa kushuka.

Wakili wake alikuwa kijana mpole. Alinipa pole kwanza. Kisha akatoa lile gazeti, akasoma palipoandikwa Mutua alikunywa chai kwangu na kurudi kazini jua likizama.

"Haya ni maneno yako, mama?"

"Siyo."

"Yameandikwa mamake anakumbuka. Ana mama mwingine?"

Kuna watu walicheka kidogo.

"Ikiwa jua likizama alikuwa mlangoni kwako," akasema, "aliyekupigia simu Muthurwa saa hizo ni nani? Nambari si yake. Mwenye nambari hayupo. Tukuamini wewe wa gazetini, au tukuamini wewe wa leo?"

Mwendesha mashtaka aliniambia nje kwamba limebaki jambo moja. Mwandishi aje aseme mlango aliutunga yeye, na aseme mama alimwambia juu ya simu tangu siku ile ya kwanza, kabla ya kesi na kabla ya mawakili. Hayo mawili yangetosha.

Nilimkuta mezani kwake. Alikuwa anajua ninakuja kwa nini, maana hakuniuliza.

"Nikisimama pale niseme nilitunga," akasema, "hakuna mhariri atakayepokea simu yangu tena."

"Najua."

"Na wale vijana wa Jumamosi."

"Najua, Mwandishi. Lakini mimi sina mahali pengine pa kwenda. Nikitoka hapa nimemaliza."

"Niliandika kilichokuwa moyoni mwako."

"Moyo wangu haukuitwa kortini. Nimeitwa mimi."

Alipanga karatasi zake mezani. Mwishowe akasema, "Nitakuja. Niombee nisiongee sana."

Alikuja na koti lake. Aliapa. Alisema wazi, bila kuzunguka, kwamba mlango ni wake, chai ni yake, mkono begani ni wake, na kwamba mimi sikuwahi kumwambia lolote kati ya hayo. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yeye kwa dakika zile. Kisha mwendesha mashtaka akamuuliza alijuaje kuhusu simu.

Nilikuwa ninamtazama. Yeye alikuwa anamtazama hakimu, na hakimu alikuwa ameinama akiandika, amechoka, na feni ya ukutani ilikuwa haifanyi kazi. Nikaona midomo ya Mwandishi ikisogea kidogo, kama pale dirishani.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa nimemsindikiza Muthurwa kumsaidia gunia. Simu ilipolia niliisikia sauti ya yule kijana. Ilikuwa inatetemeka."

Hakimu akainua kichwa.

Kila mtu mle ndani aliinua kichwa. Mwandishi akaendelea, akaeleza manyunyu yaliyokuwa yakianguka, na jinsi nilivyoishika simu kwa mikono miwili. Aliongea vizuri mno. Hata mimi nilimwona Mutua.

Wakili hakumhoji sana. Aliomba nirudishwe kizimbani, na hakimu akakubali. Wakili ndiye aliyeniuliza.

"Mama, huyu bwana alikuwa nawe Muthurwa siku hiyo?"

Nataka kuwa mkweli hapa. Neno "ndiyo" lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Nilifikiri kwamba lingekuwa neno dogo, na mwanangu aliuawa, hilo lilikuwa kweli, na mwenye jengo alikuwa ameketi pale akijipepea na faili. Nilifikiri Mungu angeelewa. Lakini nilikuwa nimekwisha kuwekewa maneno ya mtu mwingine mara moja, na ndiyo maana nilikuwa nimesimama pale. Na siku ile Muthurwa, kama angekuwepo mtu karibu nami, pengine angeniambia nisikate.

"Hapana, mheshimiwa," nikasema. "Nilikuwa peke yangu."

Wakili aliketi. Hakuwa na swali jingine.

Kwenye korido kulikuwa na benchi moja, na sote wawili tuliketi hapo, maana hatukuwa na mtu mwingine wa kuketi naye.

"Si ungenyamaza tu, Mama Mutua," akasema.

"Niliulizwa."

"Nilikuwa nakusaidia. Ulimwona hakimu? Alikuwa hasikii."

"Ungesema nilichokuambia nyumbani kwangu. Hicho tu."

"Kilikuwa kidogo."

"Kilikuwa kidogo na kingetosha."

Akafunika uso kwa mikono. Sikumshika bega. Nilitaka, lakini sikuweza.

Baada ya uamuzi alihama. Alienda kwa binti yake Komarock, na hakuaga mtaa. Social hall Jumamosi sasa ina darasa la kushona. Watu wakifiwa wanaandika wasifu wenyewe kwenye simu, na unasomwa haraka haraka. Pale jengo lilipoanguka pamezungushiwa mabati mapya. Nikienda Muthurwa napita karibu, na nasikia wanachimba msingi.

Mwezi wa Mei binti yake alinipigia. Alisema babake hali vizuri wala halali vizuri, na ananitaja. Sikutaka kwenda. Nilienda.

Alikuwa ameketi sebuleni bila koti. Sikuwahi kumwona bila koti, na alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyodhani. Binti yake alinikaribisha akatuacha. Mwandishi alikuwa na karatasi magotini. Alisema ameandika upya habari ya Mutua, safari hii kama ilivyokuwa, na anataka kuipeleka magazetini, na hataipeleka nisipoisikia kwanza.

"Soma," nikasema.

"Jua lilikuwa linazama juu ya mabanda ya Muthurwa..."

"Sikuliona jua."

Akanitazama. Akakata mstari.

"Mama mwenye mikono iliyokauka kwa miaka ya kazi alikuwa akipima..."

"Aliyekuwa akipima ni muuzaji. Mimi nilikuwa nimesimama."

Akakata. Tuliendelea hivyo. Alikuwa ameandika moyo wangu ulipiga, na mimi sikumbuki moyo. Alikuwa ameandika sauti ya Mutua ilitetemeka. Nikamwambia haikutetemeka, ilikuwa sauti ya mtu aliye kazini. Hapo kalamu yake ilisimama.

"Niachie hata jua," akasema. "Hata hilo tu. Hakuna anayedhurika na jua."

"Sikuliona, Mwandishi."

Akalikata mara ya pili, juu ya pale alipokuwa amekata.

"Hakuna gazeti litakalochapisha hii," akasema.

"Najua."

"Hakuna litakalobadilika kortini."

"Najua. Nisomee."

Akavaa miwani, huku jikoni binti yake akiweka maji ya chai motoni. Akasoma kwamba Mutua alitoka asubuhi mamake akiwa amelala. Kwamba jioni alimpigia kwa simu ya mwenzake, akamwambia ukuta umepasuka na mwenye jengo amekataza kushuka hadi wamalize slab. Kwamba alisema kitu kingine ambacho hakikusikika. Kwamba mamake alimwambia, sikusikii, utaniambia ukifika, akakata.

Hakuinua sauti popote. Alipomaliza, maji ya chai yalikuwa bado hayajachemka.